Wavu Ulionidanganya, na Waliodanganywa Kabla Yangu

Wadau, leo naanza kwa kujirudi.

Mwezi wa nne niliweka video ya dakika sita kuhusu utando wa dhahabu. Utando mwembamba ajabu, nanomita 25. Panga tando 3,000 za aina hiyo moja juu ya nyingine ndio ufike unene wa unywele mmoja wa kawaida. Ulikuwa na matundu ya duara yaliyopangwa kwa safu kama mayai kwenye trei, na mimi nilikuwa nimeiga kwenye lapi yangu jinsi mwanga unavyoupita. Nikawaonyesha picha, zile rangi za moto zinazovutia macho, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: utando huu unapitisha zaidi mwanga mwekundu wa urefu wa wimbi kiasi hiki. Nikataja namba. Watu wakapenda, wakashare.

Baada ya wiki, mtazamaji mmoja ambaye ni mwalimu wa fizikia akaniandikia swali la mstari mmoja. Ukipunguza macho ya wavu kwa nusu, hiyo namba inabaki?

Sikuwa nimejaribu. Nikajaribu. Namba ikahama zaidi ya nanomita 30.

Kwa mtu aliye na digrii, hilo ni kosa la kawaida, unarekebisha unaendelea na maisha. Kwangu mimi niliyetoka chuo mwaka wa pili karo ikiwa imekwama, kosa kama hilo linakuja na sauti za watu. Si tulikwambia. Ndio maana wiki tatu zilizofuata sikutengeneza video yoyote, nilikaa nikisoma. Nilitaka kujua jinsi ya kurekebisha, sawa, lakini zaidi nilitaka kujua shida hii ilitoka wapi na nani mwingine ilimwangusha. Na nilichokuta ni kwamba historia ya kuiga mwanga kwa kompyuta, kwa sehemu kubwa, ni historia ya wavu. Milinganyo yenyewe ilikuwepo tangu Maxwell, miaka ya 1860. Hakuna aliyekuwa anabishana nayo. Kilichowatoa watu jasho miaka mia moja baadaye ni kuamua nafasi ikatwe vipande vya ukubwa gani.

Nieleze kidogo. Kompyuta haiwezi kushika wimbi la mwanga lote lilivyo, kwa sababu wimbi lina thamani kila mahali, na kila mahali ni pengi mno. Kwa hivyo unatandaza wavu juu ya nafasi, na unahesabu nguvu za umeme na za sumaku kwenye sehemu chache tu za ule wavu. Mjomba wangu ni mvuvi Kilifi, na kwa wavuvi nafasi kati ya nyuzi za wavu inaitwa jicho. Jicho likiwa kubwa, samaki wadogo wanapita na wewe unarudi nyumbani ukiapa hapakuwa na samaki. Jicho likiwa dogo sana, wavu unakuwa mzito hadi mashua haiuvuti. Sijapata maelezo bora kuliko hayo kwenye kitabu chochote, kwa hivyo nitaendelea kusema jicho.

Sasa historia.

Mwaka wa 1928, Göttingen, Ujerumani. Wanahisabati watatu, Richard Courant, Kurt Friedrichs na Hans Lewy, walichapisha makala kuhusu milinganyo iliyokatwa vipande kwenye wavu. Kompyuta hazikuwepo. Hawa watu hawakuwa wanataka kuiga kitu chochote, walitaka kuthibitisha kwamba milinganyo ina majibu. Lakini njiani wakakuta sheria ambayo leo inabeba herufi za majina yao, CFL. Kwa lugha ya mtaani: ukihesabu kwa hatua za muda, hatua moja isiwe ndefu kiasi kwamba wimbi linaruka jicho zima kabla hujaliangalia. Ukivunja sheria hiyo, hupati jibu lenye makosa madogo. Unapata namba zinazojizidisha hadi kompyuta inasalimu amri.

Ukisoma hivyo inaonekana ni jambo dogo la kiufundi. Lakini ndilo linalofanya utando mwembamba uwe ghali. Ukipunguza jicho kwa nusu, kwenye nafasi ya pande tatu unapata macho mara nane. Halafu sheria ya CFL inakulazimisha upunguze na hatua ya muda kwa nusu. Kazi nzima inakuwa mara 16. Kwa jicho la nanomita 1, hatua ya muda haiwezi kuzidi takriban sekunde 0.000000000000000002. Hesabu hizo sifuri kama una nafasi.

Hao watatu hawakukaa Göttingen. Courant aliondolewa kazini 1933 Wanazi walipoingia madarakani, Lewy akaondoka mwaka huo huo, Friedrichs akafuata 1937. Wote waliishia Marekani, na sheria yao ikawasubiri hadi kompyuta zikaja.

Mtu aliyetandaza wavu wenyewe kwa ajili ya mwanga ni Kane Yee, mzaliwa wa Guangzhou, China, aliyesomea Marekani. Mei 1966 alichapisha makala ya kurasa sita. Wazo lake ni zuri hadi nililichora ukutani kwangu. Badala ya kuweka nguvu ya umeme na ya sumaku mahali pamoja, alizitenganisha. Umeme akauweka kwenye kingo za kila kisanduku, sumaku akaiweka katikati ya nyuso zake. Hivyo kila mshale wa umeme unazungukwa na mishale minne ya sumaku, na kila wa sumaku unazungukwa na minne ya umeme, jinsi Maxwell mwenyewe alivyosema mambo haya yanavyozungukana. Kisha zinapokezana kwa muda pia: umeme unapiga hatua, sumaku inafuata nusu hatua nyuma.

Mfano aliouweka kwenye makala ulikuwa wa wimbi linalogonga chuma chenye umbo la mraba. Fikiria hapo. Mraba kwenye wavu wa miraba. Unakaa vizuri, kingo zinaangukia mahali pake, hakuna anayelalamika. Kama angechagua duara, shida yangu ingeonekana siku ya kwanza.

Kuna kitu kingine kwenye makala hiyo, na hiki ndicho kilinipa pumzi. Sharti la hatua ya muda alilolichapisha Yee lilikuwa na kosa. Lilikuwa legevu mno, linaruhusu hatua ndefu kuliko inavyofaa. Makala hii ndiyo msingi wa maelfu ya programu za leo, na ilitoka ikiwa na kosa kwenye sheria ile ile ya 1928. Karibu miaka tisa ikapita watu wengi wakiwa hata hawaitumii. Mwaka wa 1975 Allen Taflove, ambaye wakati huo ndio anamaliza masomo yake chuo kikuu cha Northwestern, pamoja na Morris Brodwin, wakachapisha sharti sahihi. Mwaka huo huo wakatumia wavu wa Yee kuhesabu joto ndani ya jicho la binadamu linapopigwa na mawimbi ya maikrowevu. Macho ya wavu ndani ya jicho la mtu. Mjomba angecheka. Taflove ndiye aliyeipa njia hii jina linalofupishwa FDTD, mwaka wa 1980, na akaitetea maisha yake yote hadi alipofariki 2021.

Miaka ya themanini na tisini mambo yakaenda mbio na sitayamaliza yote. Moja tu siwezi kuliruka: 1994 Mfaransa Jean-Pierre Berenger alitafuta njia ya kuzungushia wavu ukuta unaomeza mawimbi, ili mwanga ukifika mwisho wa dunia yako ndogo usirudi kama mwangwi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanapambana na mwangwi huo kwa mbinu nyingi ambazo hazikutosha.

Halafu ukaja mwaka wa 1998, na hapa ndipo tando zinaingia.

Thomas Ebbesen, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya NEC, alichapisha na wenzake matokeo ambayo hayakukaa sawa na vitabu. Walikuwa na utando wa fedha wa nanomita 200 wenye matundu ya nanomita 150, yakiwa yametengana nanomita 900. Tangu 1944, Hans Bethe alikuwa ameonyesha kwamba tundu dogo kuliko urefu wa wimbi hupitisha mwanga kiduchu sana. Ebbesen alipima na kukuta kwamba kwa rangi fulani, mwanga uliopita ulikuwa mwingi kuliko ule ulioangukia kwenye matundu yenyewe. Yaani hata mwanga uliogonga fedha, si tundu, ulipata njia ya kupita. Wimbi linashikana na elektroni za uso wa metali, linatambaa, linaingia tunduni, linatokea upande wa pili.

Ghafla kila maabara ilitaka kuiga tando zenye matundu, vijiti, nyota na kila umbo unalolijua. Wakachukua wavu wa Yee. Na wavu ukaanza kuwadanganya kama ulivyonidanganya mimi.

Uongo wa kwanza ni wa ngazi. Duara kwenye wavu wa miraba linakuwa ngazi. Kwa antena ya mita moja hizo ngazi si kitu, unapunguza jicho kidogo unaendelea. Kwa metali chini ya mwanga ni balaa, kwa sababu mwanga unapenda kujikusanya kwenye ncha, na kila kidato cha ngazi ni ncha. Zile nukta za moto nilizowaonyesha kwenye video nikasema "tazameni mwanga unavyokusanyika pembezoni mwa tundu", nyingine zilikuwa za kweli. Nyingine zilikuwa vidato vya ngazi yangu. Na mimi nilizitambia.

Uongo wa pili ndio ulioniua zaidi. Utando wangu ulikuwa nanomita 25, jicho langu nanomita 10. Gawanya. Macho mawili na nusu. Programu haiwezi kuweka nusu ya jicho la dhahabu, kwa hivyo inaamua kutegemea utando umeangukia wapi: mara nanomita 20, mara 30. Mwanga ndani ya dhahabu hufifia haraka sana. Kwa mwanga mwekundu, nanomita 10 za ziada zinaweza kukata karibu nusu ya kinachopita. Kwa hivyo nilikuwa nawaambia habari za utando mmoja huku lapi inahesabu utando mwingine, na hakuna mahali popote kwenye skrini palipoandikwa hivyo. Ongeza ule ujanja wa Yee wa kutenganisha umeme na sumaku kwa nusu jicho, hata swali la "uso wa dhahabu unaanzia wapi" halina jibu moja.

Watu waliliona hilo mapema na wakatafuta dawa. Mwaka wa 2006 kundi la MIT, wale wanaotengeneza Meep, programu ya bure ninayoitumia, walichapisha njia ya kulainisha: jicho lililokatwa na mpaka linapewa thamani ya kati, lakini iliyopimwa kwa kuangalia mwelekeo wa umeme, si wastani wa kijinga. Kwa glasi na silikoni inafanya kazi vizuri sana. Kwa metali, ambayo tabia yake inabadilika na rangi ya mwanga, mambo ni magumu zaidi. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba Meep "inalainisha mipaka" nikafunga ukurasa nikiridhika. Mistari ya chini sikuifikia. Bundles pia zilikuwa zinaisha, lakini hiyo sio sababu.

Uongo wa tatu sio wa wavu, ni wa mchoraji. Ukichora pembe kali kabisa ya metali, mwanga kwenye ncha hiyo kihisabati hauna kikomo. Unapunguza jicho, namba inapanda. Unapunguza tena, inapanda tena. Unaweza kununua kompyuta ya serikali nzima na jibu lisitulie, kwa sababu hakuna jibu. Dawa yake ni kuviringisha pembe kidogo, kwani hata maabarani hakuna mtu anayekata dhahabu kwa pembe kamili. Matundu yangu yalikuwa na pembe kali juu na chini, pale ukuta wa tundu unapokutana na uso wa utando. Sikuwa nimefikiria hata kidogo.

Utasema basi si uachane na miraba utumie pembetatu. Kweli, kuna ukoo mwingine wa wavu. Courant yule yule, akiwa sasa New York, aliandika 1943 kuhusu kugawanya eneo kwa pembetatu. Wahandisi wa ndege wakaikuza njia hiyo miaka ya hamsini, na 1960 Ray Clough akaipa jina lake la kihandisi. Kwa mwanga ilisumbua, ikitoa mawimbi ya uongo ambayo hayapo duniani, hadi Jean-Claude Nédélec alipoonyesha 1980 namna ya kuweka umeme kwenye kingo badala ya kwenye pembe. Kingo tena, kama Yee. Sidhani ni bahati.

Pembetatu zinafuata duara vizuri, na unaweza kuweka ndogo karibu na dhahabu na kubwa kwenye hewa tupu. Lakini utando mwembamba unazitesa kwa njia nyingine. Ukijaza unene wa nanomita 25 kwa piramidi za nyuso nne, una njia mbili. Ama ziwe ndogo kila upande, zinakuwa mamilioni, ama zilaliane bapa kama chapati, na piramidi bapa zinaharibu hesabu. Sheria ya kupanga pembetatu vizuri ilitolewa 1934 na Boris Delaunay, Mrusi aliyekuwa pia mpanda milima wa kweli. Kwenye karatasi sheria yake inaepuka pembetatu nyembamba. Kwenye pande tatu inaruhusu kitu cha ajabu: nukta nne zilizokaa karibu na mduara mmoja, zinazotoa piramidi iliyo bapa kabisa ingawa kila uso wake unaonekana mzuri. Ukiangalia kwa macho hutaiona. Nilijaribu kwa Gmsh, nayo ni ya bure, na kwenye jaribio langu la kwanza zilikuwa zimejaa ndani ya utando wote.

Kuna wanaokataa kuutia utando kwenye wavu kabisa. Wanauchukulia kama karatasi isiyo na unene na wanaandika sheria ya jinsi mwanga unavyobadilika ukiivuka. Kwa grafini, unene wa atomi moja, hiyo ndiyo akili. Kwa dhahabu ya nanomita 25 yenye kuta za matundu ndani yake, mimi siiamini. Hapo mnaweza kunibishia.

Turudi kwa lapi yangu ya RAM ya GB 8. Kisanduku kimoja cha utando wangu, tundu moja na nafasi yake, ni nanomita 400 kwa 400, na urefu wa 1,600 juu na chini. Kwa jicho la 10 ni macho 256,000 tu, dakika mbili kazi imeisha. Ndio maana nilipenda jicho la 10. Safari hii nikachagua macho yanayogawanya 25 bila kubaki: 5, kisha 2.5. Pembe nikaziviringisha. La 5 lilichukua zaidi ya nusu saa. La 2.5 lilichukua usiku mzima na asubuhi kidogo, na lapi ikiwa imewekwa juu ya trei ya chuma ili ipoe. Kilele kilihama zaidi ya nanomita 30 kati ya 10 na 5, kisha 9 kati ya 5 na 2.5.

Tisa bado ni nyingi. Jicho la 1.25 ni macho milioni 131 na lapi ilikataa, memori haitoshi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba tundu la duara ni sawa kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa hivyo unahesabu robo moja tu na nyingine ni kioo. Robo iliingia. Ilichukua saa 34, na stima ilipotea mara moja saa ya 11, nikaanza upya. Kwa wale wanaouliza kwa nini sikukodi seva: ni kwa sababu ile ile iliyonitoa chuo.

Kilele kikahama nanomita 3.

Video ya zamani nimeitoa. Mpya iko na namba nne badala ya moja, na ukubwa wa jicho umeandikwa kando ya kila namba. Mwalimu nilimtumia kabla sijaiweka. Akajibu kwamba nanomita 3 anaweza kuishi nazo, halafu akauliza thamani za dhahabu nilizotumia nilizitoa kwenye jedwali la nani.